Wingu Juu ya Kichwa cha Theresia

Theresia alifika msibani amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na kabla sijampa pole nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kinampendeza. Tulikuwa tumemzika Bwana Bayo mchana ule huko Maisaka, nyuma ya nyumba aliyojenga alipostaafu, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote na migongo ya viboko. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wengine tangu asubuhi. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi, na ugali ulikuwa umenikaukia kwenye kiwiko. Yeye alishuka kwenye gari lililomleta kutoka Arusha, akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku, na papo hapo watu wakaanza kunong'ona, "Ndiye yule daktari wa wadudu." Mjukuu wa marehemu akakimbia kumpokea mkoba. Mimi ninaishi jirani na nyumba ile, nilimuuguza Bwana Bayo kwa zamu na mkewe mpaka siku yake ya mwisho, na sikumbuki kupokelewa mkoba na mtu yeyote. Nilifuta mikono kwenye khanga, nikaenda kumsalimu. "Fausta!" akasema, akanikumbatia kwa nguvu. Alinukia sabuni nzuri.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikitaka kujua kitu ni kitu gani, nakiuliza swali lenye majibu mawili, nachagua moja, kisha naenda kwenye swali linalofuata. Hivyo ndivyo ninavyowatambua wadudu ambao wakulima wa Sigino na Mutuka wananiletea kwenye duka langu la dawa za kilimo, ndani ya chupa na mifuko, kabla sijawauzia dawa au kuwakatalia. Pale msibani, nikiwa nimemshika Theresia mkono, nilijaribu utaratibu huohuo juu ya nafsi yangu. Je, ninamchukia, au simchukii? Simchukii. Je, ninataka apoteze alicho nacho, au ninataka kiwe changu? Ninataka kiwe changu. Basi huu ni wivu, nikajiambia, na umri wake naufahamu, maana ulizaliwa katika chumba kimoja hapa mjini Babati katikati ya miaka ya themanini, mwaka ambao sukari ilikuwa habari ya kupelekeana na watu walifulia majani ya mpapai.

Kiliitwa chumba cha mbu. Kilikuwa mwisho wa jengo la idara ya afya, bati limeshika kutu, sakafu imepasuka, kina meza ndefu na dirisha moja linaloutazama mlima Kwaraa. Bwana Bayo ndiye aliyekuwa mkuu wake, na mjini wote walimwita Bwana Mbu, naye aliitika. Kazi yetu ilikuwa kunasa wadudu warukao usiku kwa taa na beseni la maji, kuwatenga mbu na wasio mbu, kisha kuwatenga mbu wenyewe kwa koo zao. Hadubini ilikuwa moja. Haikutumia umeme, ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza mpaka kipokee jua na kukirushia mdudu mwanga kutoka chini yake. Jua likishapanda juu ya Kwaraa, dirisha lilijaa mwanga mzuri, na likifika utosini mwanga ulikwisha, kioo kikabaki kuonyesha dari. Kwa hiyo mwanga ulikuwa mmoja, hadubini moja na kiti kimoja, na sisi wasaidizi tulikuwa wawili. Mimi nilitoka Sigino na cheti cha darasa la saba. Theresia alitoka Dareda, amemaliza kidato cha nne kwa masista, amesoma biolojia. Bwana Bayo hakufikiri mara mbili. Kiti cha dirishani akampa yeye. Mimi nikapewa beseni, sindano mbili zilizofungwa kwenye vijiti, na lenzi ya mkono yenye ufa.

Nilikitamani kile kiti kama mtu anavyotamani shamba la jirani lililo karibu na mto. Nilijua sauti yake kinaposogezwa. Nilijua namna Theresia alivyokaa, mguu mmoja umekunjwa chini ya paja kama yuko kwao anapepeta maharage, jicho moja kwenye kioo na jingine limeachwa wazi. Hilo la kuacha wazi jicho la pili lilinikera kuliko yote. Mimi, mara chache nilizoachiwa hadubini, nilifumba jicho mpaka shavu likauma. Alikuwa pia na kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, na ndani yake mdudu alitambuliwa kwa maswali mawili mawili: kama ana hiki, nenda namba fulani, kama hana, nenda namba nyingine. Alipokwenda kunywa chai nilikivuta. Nilisoma neno kwa neno, na lile lililonishinda nililibeba kichwani mpaka arudi. Nilimuuliza maana yake kwa sauti ya mtu asiyejali, naye alinijibu bila kuinua kichwa: "Mfereji." Au: "Muundi, ile sehemu ya mguu chini ya goti." Alinipa maneno yale kama unavyompa mtu chumvi. Nami kila nililopewa lilinichoma, kwa sababu yeye hakupungukiwa kitu.

Mvua za mwaka ule zilipokatika, wadudu walitoka ziwani. Wale ambao hawajakaa karibu na ziwa hawawezi kuamini. Walipaa jioni kama moshi wa mkaa, wakaingia kwenye taa, kwenye masikio, kwenye uji. Maisaka watu walifagia marundo yao vizingitini asubuhi. Ni wadudu wadogo wa kijani na kahawia, wenye miguu mirefu na mabawa mawili, na ukimtazama mmoja haraka utaapa ni mbu. Watu waliapa. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene aliyependa kuvaa koti hata juani, alikuja chumbani kwetu na wazee wake. Idara ilikuwa na pipa moja tu la dawa kwa eneo lote, na yeye alilitaka limwagwe kando ya ziwa, wiki ileile.

"Ngoja tuwatambue kwanza, mwenyekiti," Bwana Bayo alisema. "Tukimwaga dawa kwa mdudu asiyeuma, tutaua samaki na malaria itabaki palepale."

"Kuwatambua nini?" mwenyekiti akasema. "Mdudu ana mabawa, ana miguu, anaimba sikioni. Mnataka awaonyeshe na kadi ya chama?"

Wazee wakacheka. Mmoja wao, Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu miaka ya nyuma, akasema kwao juu hakuna upuuzi huu, baridi inawaua wote. Theresia alichukua mdudu mmoja aliyetua ukutani, hai, akamfunika kwa gilasi, akamsogeza mbele ya mwenyekiti. "Mtazame anavyokaa, baba. Mbu akitua huinua miguu ya nyuma. Huyu ameinua ya mbele, kama mtu anayeomba. Na mdomo wa kuchoma hana. Akitaka kukuuma atatumia nini?" Mwenyekiti akainama, akatazama. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayohayo katika kitabu kilekile. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, na hayakutoka.

Kesi ya pipa ilitulia kwa muda, lakini Bwana Bayo alikuwa mtu wa ushahidi. Aliomba simu ya posta, akazungumza na mtaalamu mmoja wa Arusha aliyemfahamu. Aliporudi alituita wote wawili. Yule mtaalamu, alisema, haridhiki na jibu la "si mbu". Anataka kujua wadudu wa Babati ni wa ukoo upi katika jamaa kubwa ya wadudu wale, na kwa ushahidi wa viungo vya mwili, si kwa kubahatisha. Anakuja mwenyewe kwa gari la idara kabla ya mwezi kwisha. Kuna nafasi moja ya kozi ya wadudu, miaka miwili, pamoja na posho na bweni. "Amesema atakayempa jibu lenye ushahidi ndiye atakayemchukua," Bwana Bayo akasema. "Cheti hakitazamwi." Aliposema hivyo alinitazama mimi, nami nikahisi damu inapanda mpaka masikioni. Sikuwa nimewahi kutaka kitu kwa namna ile. Hata leo sijakitaka kitu kingine hivyo.

Nilianza siku ileile. Wadudu wa kutosha walihitaji kuhifadhiwa, na spiriti haikuwepo. Hata hospitali walikuwa wanasafishia vidonda maji ya chumvi. Bwana Bayo akanituma kwa Mama Sofia, aliyepika gongo nyuma ya mnada. Ilikuwa ni kosa kuiuza na kosa kuinunua, nami nilikwenda kuinunua kwa ajili ya serikali.

"Ya nani?" Mama Sofia akaniuliza.

"Ya wadudu."

Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Mwanangu, hata mume wangu alianza hivyohivyo. Kwanza alisema ya kikohozi."

Nilijaza chupa kubwa ya kioo, nikaweka humo wadudu wa jioni nyingi, mabeseni kwa mabeseni, nikiwachagua mmoja mmoja. Nilikuwa nimekielewa kitabu sasa. Hatua za kwanza zilikuwa rahisi na nilizipita kwa lenzi yangu yenye ufa. Mdomo: mfupi, hauwezi kuchoma ngozi. Mishipa ya mabawa: mitupu, haina magamba, wakati ya mbu ina magamba kama vumbi la ulezi. Nyuma ya kifua, pale mgongo unaposhuka kwenda tumboni, palikuwa na mfereji mwembamba katikati, kama alama iliyopigwa kwa ukucha kwenye unga uliokandwa. Siku niliyouona mfereji ule kwa mara ya kwanza nilitaka kumwita mtu, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa Theresia, nikarudi kwenye lenzi. Hatua iliyobaki ndiyo iliyogawa koo kubwa mbili. Ilihusu mguu wa mbele tu: je, kipingili cha kwanza cha wayo, ile sehemu inayofuata chini ya muundi, ni kirefu kuliko muundi wenyewe, au ni kifupi? Hiyo haikuwezekana kwa lenzi. Ilihitaji hadubini, ilihitaji dume, na ilihitaji mguu wa mbele mzima, wakati miguu ya wadudu hawa hukatika ukiwapumulia.

Mchana tulikula kwa Mama Neema, mke wa Bwana Bayo, kwa sababu mishahara ilichelewa na yeye hakukubali tulale njaa. Nyumba yao ya wakati ule ilikuwa nyuma ya ofisi. Makande, mara nyingi. Siku nzuri kambale wa kukaangwa kwa mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi. Chai ya rangi na kipande cha sukari guru cha kung'ata upande mmoja wa meno ili kidumu. Siku moja nilikuwa nasuuza sahani uani, dirisha la sebuleni limefunguliwa, nikamsikia Mama Neema akiuliza, "Sasa nani ataenda?"

"Sijui," Bwana Bayo akajibu. "Theresia ana jicho. Fausta ana subira."

"Bora lipi?"

Nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe kisicho na sukari. Nilisimama na sahani mkononi mpaka ikakauka. Jicho mtu anazaliwa nalo, niliwaza, na subira hata punda anayo. Kwa miaka mingi baadaye nimelifikiria tena neno lile, na najua alilisema kama sifa. Bwana Bayo mwenyewe alikuwa mtu wa subira na aliionea fahari. Lakini nilikuwa na miaka ishirini, na nilisikia tu kwamba mwenzangu amepewa mwanga na mimi nimepewa kungoja.

Karibu na siku ya mgeni, asubuhi, nilikuta chupa yangu mezani ikiwa tupu. Ilikuwa safi, imeoshwa. Kando yake, juu ya gazeti, wadudu wangu wote walikuwa wametandazwa kama dagaa. Mzee Daudi, mlinzi wetu, alikuwa amekaa kizingitini, macho mazito, rungu limelala mapajani.

"Mzee Daudi," nikasema, "umekunywa dawa ya wadudu?"

"Nimekunywa gongo, binti. Wadudu nimekuachia. Nimewachuja kwa kitambaa safi, wako hapo. Sijakuibia hata mmoja."

Theresia aliyekuwa amefika nyuma yangu akaangua kicheko mpaka akashika mlango. "Na hukusikia ladha?"

"Ladha ilikuwepo," Mzee Daudi akasema kwa uzito. "Kama ya samaki, lakini samaki wa mbali."

Hata Bwana Bayo alicheka. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya gazeti. Walikuwa wamekauka na kugandana. Miili ilikuwa huku, na miguu ilikuwa kule, rundo la miguu, kama nyasi za paa lililong'olewa na upepo. Hakuna ambaye angeweza kusema mguu huu ni wa huyu. Nilihitaji wadudu wapya, madume, na nilihitaji siku ileile. Theresia aliacha kucheka, akajifuta machozi, akasema, "Basi twende wote jioni. Na mimi wa kwangu hawatoshi."

Tulishuka ziwani jua likiwa linaelekea kuzama. Madume ya wadudu hawa, kitabu kilieleza, hucheza juu ya alama: gogo, ng'ombe aliyesimama, kichwa cha mtu. Hujipanga juu yake kama nguzo ya moshi na kungoja majike. Tulisimama kwenye majani mafupi, mbali kidogo na njia ya viboko. Mimi nilishika wavu wa chandarua tulioushona wenyewe. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha khaki. Theresia alikuwa na kitambaa cheupe, kile cha kanisani. Tulisubiri. Kisha waliinuka kutoka kwenye mafunjo, wengi mno, wakapita juu yangu bila kusimama, wakaenda kujijenga juu ya kichwa cha Theresia.

Nilihama. Nilisimama upande wake wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mbali naye, peke yangu, nimenyoosha shingo kama mwehu. Hawakuja. Walikuwa juu yake, wamesimama hewani kama nguzo iliyo hai, wakipanda na kushuka pamoja, na jua la mwisho lilipita katikati yao, kila mmoja akawa kipande cha dhahabu. Walitoa sauti moja nyembamba iliyokaa juu ya maji yote. Hata wadudu, niliwaza, hata wadudu wamemchagua yeye. Nilisogea mbele yake, nikainua wavu, nikapiga juu ya kichwa chake, tena na tena, huku yeye amesimama wima hatikisiki, na nguzo ikawa inavunjika na kujijenga upya palepale juu yake. Aliponiuliza, "Umepata?" nilimjibu, "Nimepata," na ilikuwa kweli. Wavu ulikuwa umejaa.

Asubuhi Bwana Bayo aligawa mwanga: nusu ya kwanza yangu, nusu ya pili ya Theresia. Hatimaye nilikaa kwenye kile kiti. Nilimweka dume wa kwanza juu ya kioo na tone la maji, nikageuza kioo cha chini, na mwanga wa Kwaraa ukaja. Niliona pembe zake zenye manyoya kama unyoya wa mbuni. Niliona mfereji. Nilitafuta mguu wa mbele. Ulikuwa umekatika gotini. Wa pili alikuwa na muundi bila wayo. Wa tatu hakuwa na kitu. Wavu wa chandarua ulikuwa umewavunja wote. Kila nilipoupiga hewani kwa hasira ya kuwafikia, niliwavunja. Nilifika wa mwisho jua likiwa limekaribia utosini. Nikasikia hatua za Theresia nyuma yangu.

Yeye hakutumia wavu. Jioni ile alipofika kwake na kufungua kitambaa, alikuta wachache wametua ndani ya mikunjo yake na kulala. Aliwainua mmoja mmoja kwa ncha ya unyoya wa kuku uliolowa. Walikuwa wazima. Alikaa, akakunja mguu chini ya paja, akaacha jicho la pili wazi. Haikuchukua muda.

Mgeni wa Arusha alifika mchana na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alituuliza mmoja mmoja, mbele ya mwenzake. Alianza na mimi. Nilimtajia mdomo, mishipa, mfereji, pembe. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila hatua. "Na mguu wa mbele?"

"Yote imevunjika," nikasema. "Bila mguu wa mbele siwezi kusema."

"Hata kukisia?"

"Siwezi kusema."

Akamgeukia Theresia. "Kipingili cha kwanza cha wayo ni kirefu kuliko muundi," Theresia akasema. "Wapo watano, wote sawa. Tazama." Mgeni akainama kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu, akamwambia Bwana Bayo wadudu hawa ni wa ule ukoo ambao viluwiluwi vyao vyekundu hukaa kwenye tope la ziwa, chakula kizuri cha samaki, na hawajamuuma mtu tangu dunia iumbwe. Pipa likapelekwa kwenye madimbwi ya Mutuka, ambako mbu wa kweli walikuwepo. Jioni Bwana Bayo alinifuata uani. "Jibu lako lilikuwa sahihi, Fausta," alisema. "Kwa ushahidi uliokuwa nao, hilo ndilo jibu. Lakini gari haliwezi kurudi Arusha na 'siwezi kusema'." Theresia aliondoka wiki iliyofuata, juu ya lori la mahindi, kitambaa cheupe kichwani, akipunga mkono. Kiti cha dirishani kikawa changu. Nilikikalia mpaka chumba kile kilipofungwa, nikajifunza mengi juu yake, na sikuwahi kukikalia bila kukumbuka kwamba nilikirithi.

Yote hayo yalinirudia pale msibani, tumekaa kwenye mkeka tunakula. Kijana mmoja alitoa mdudu kwenye wali wake kwa kidole. "Mbu hawa wa ziwani!" akasema, na mimi na Theresia tuliinama pamoja, kwa wakati mmoja, kutazama miguu ya mbele. Akacheka. Nikaona nafasi, nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote.

"Theresia, siku ile ya mgeni, ulijua kwamba wangu wote walikuwa wamevunjika miguu?"

"Miguu gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku amekunja uso, anajitahidi. "Namkumbuka Mzee Daudi," akasema. "Samaki wa mbali! Na shingo yangu nakumbuka iliuma siku mbili. Lakini hilo la miguu, hapana. Mimi nilidhani walinichukua kwa sababu ya kidato cha nne." Akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu. "Ulikuwa unaitaka sana ile kozi?"

"Nilikuwa naitaka."

"Pole, Fausta," akasema, na alikuwa na maana hiyo kweli. Nami nikamwonea wivu hata hapo, kwamba aliweza kusahau.

Jua lilipoanza kushuka nilibeba sufuria kwenda kuosha upande wa ziwa, kwenye bomba. Nilikuwa nimejifunga khanga nyeupe ya msiba kichwani kama wenzangu. Nilisikia ile sauti kabla sijajua ni nini. Theresia alikuwa amenifuata na sahani mikononi. Akasimama ghafla, akaziweka chini kwenye majani.

"Usitikisike," akasema.

Nikasimama na sufuria langu. Walikuwa juu yangu. Nilijua wako juu yangu kwa sauti na kwa ubaridi mdogo wa mabawa kwenye paji la uso. Nilitaka kuinua macho, na nilipoinua walihama pamoja na kichwa changu, wakawa bado juu, nyuma ya mahali ninapoweza kuona. Hakuna nilichokiona: ziwa, bomba, na Theresia mbele yangu amenyoosha shingo, mdomo wazi kidogo, mwanga wote wa jioni umemwagika usoni mwake.

"Wanafananaje?" nikamuuliza.

"Ngoja." Hakuteremsha macho. "Jioni ile mimi sikuwaona, unajua. Niliogopa wasiniingie machoni, nikawa natazama mbele tu. Na mbele ulikuwepo wewe na wavu wako."

Nikauona ule uso wangu wa miaka ishirini kama nilivyoujua kwa ndani, na sikutaka kusikia zaidi. Lakini nilikuwa alama, na alama haiondoki. "Nilionekanaje?" nikasema.

"Mwenye furaha," akasema Theresia. "Mwaka mzima tuliokaa mle chumbani, ndiyo siku moja niliyokuona una furaha. Ulikuwa unawatazama kama mtu anayetazama harusi yake mwenyewe. Nilijikaza nisitikisike ili usiache."

Sufuria lilikuwa limeanza kuwa zito. Nikataka kumwambia amekosea, kwamba nilikuwepo na yeye hajui. Nikajiuliza swali lenye majibu mawili, ilikuwa furaha au ilikuwa wivu, nikayatazama yote mawili, na sikuweza kusema. Theresia alipiga hatua moja kunisogelea, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu taratibu, kiganja wazi, bila wavu.

"Tulia," akasema. "Wanatua."